Kuweka Mfumo Mpya wa Kompyuta Bila Kupoteza Hesabu za Zamani

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Ilongero



Katika ziara zangu za ukaguzi nimekuta zaidi ya mara moja kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa ofisi ya chama. Ukiitazama utadhani imestaafu. Kumbe ndiyo iliyobeba daftari la hisa, viingilio vya wanachama, na vipimo vya alizeti vya misimu mingi iliyopita. Kompyuta ya namna hiyo kwa kawaida huendeshwa na mfumo wa Windows XP, ambao kampuni ya Microsoft iliutoa mwaka 2001 na kuacha kuutengenezea marekebisho tarehe 8 Aprili 2014. Programu ya hesabu iliyomo ilitungwa kwa ajili ya mfumo huo tu, na aliyeitunga mara nyingi hapatikani tena.

Kwa upande wa pili, kazi za chama leo zinahitaji intaneti. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hutumika kwa njia ya intaneti. Vivinjari vya Windows XP vimepitwa na wakati: Chrome iliacha kuuhudumia mfumo huo mwaka 2016, na Firefox ikafuata mwaka 2018. Basi Katibu hujikuta ana mashine inayojua hesabu za jana lakini haiwezi kutuma taarifa za leo.

Fundi akiitwa, jibu lake la haraka huwa ni kufuta kilichomo na kuweka mfumo mpya. Makala haya yanaeleza jibu lililo salama zaidi, yaani kuiweka mifumo miwili, wa zamani na mpya, katika kompyuta moja, na kumwachia Katibu achague anaoutaka kila awashapo mashine. Jambo hilo hutegemea programu ndogo sana ya kuwashia, ambayo mafundi huiita butiloda. Mimi si fundi wa kompyuta. Elimu yangu ni ya sekondari na ya ukaguzi wa hesabu. Lakini nimelazimika kuielewa programu hiyo kwa sababu nimeona hasara inayotokea isipoeleweka.

MAMBO NILIYOYASHUHUDIA

Chama cha kwanza, ambacho sitakitaja, kilimwita fundi siku chache kabla ya Mkutano Mkuu wa Mwaka. Alitenga nafasi katika diski ileile na kuweka mfumo mpya wa Linux. Kazi ilipokwisha, mashine iliwaka vizuri, ila mfumo wa zamani haukuonekana mahali popote. Katibu aliamini kuwa daftari la hisa limefutika. Habari zikatoka ofisini zikafika vijijini, na wazee wakaanza kuja kuuliza akiba zao. Fundi wa pili alipokuja aliandika mstari mmoja tu katika faili moja, akatoa amri moja, akawasha mashine upya. Windows XP ikatokea katika orodha, na hesabu zote zilikuwamo kama zilivyoachwa. Hakuna kilichokuwa kimefutwa. Kilichopotea kilikuwa ni njia ya kuifikia nyumba, wala si nyumba yenyewe.

Chama cha pili hakikuwa na bahati hiyo. Huko fundi aliifuta diski nzima bila kuchukua nakala. Bodi ilibidi iwaombe wanachama walete stakabadhi zao ili daftari liandikwe upya. Wengine walizitoa masandukuni zikiwa safi. Wengine zilikuwa zimeliwa na mchwa, na hao hawakuwa na cha kuonyesha ila maneno yao. Mkaguzi hawezi kuandika maneno matupu katika hesabu, nami niliwaambia hivyo kwa uchungu.

Tofauti ya vyama hivi viwili ndiyo jambo ninalotaka lishikwe. Kupotea kwa njia kunatibika kwa saa moja. Kufutwa kwa diski isiyo na nakala hakutibiki.

KOMPYUTA HUWAKA KWA NAMNA GANI

Tufananishe na ghala la chama wakati wa msimu. Asubuhi mlinzi hufika wa kwanza. Yeye hajui bei wala uzito. Kazi yake ni kukagua kama kufuli ni zima na kufungua lango. Kisha humkabidhi mtunza ghala funguo. Mtunza ghala hutazama ubao uone kazi ya siku ni ya alizeti au ya dengu, ndipo humwita karani anayehusika. Karani akishakaa mezani, kazi ya kupima huanza.

Kompyuta nayo huwaka kwa kukabidhiana. Mlinzi wake ni programu iliyomo katika ubao mkuu, iitwayo bayosi. Ukibonyeza kitufe, bayosi hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski. Kipande hicho ni kidogo mno, baiti 512 tu. Kati ya hizo, baiti 446 ni za maelekezo ya kuwashia, 64 ni za jedwali linaloonyesha diski imegawanywaje, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Jedwali hilo lina nafasi nne tu, ndiyo maana diski za zamani haziwezi kuwa na migawanyo mikuu zaidi ya minne.

Maelekezo hayo humkabidhi kazi mtunza ghala, yaani butiloda. Katika Windows XP butiloda ni faili liitwalo NTLDR. Nalo husoma ubao wake, ambao ni faili la maandishi liitwalo boot.ini. Humo huandikwa mfumo uko katika diski ipi na mgawanyo upi, na kompyuta ingoje sekunde ngapi kabla ya kujichagulia. Yafaa ieleweke kwamba katika faili hilo diski huhesabiwa kuanzia sifuri, lakini migawanyo huhesabiwa kuanzia moja. Anayehariri bila kujua hivyo huielekeza mashine mahali pasipo na kitu.

Mifumo ya Linux hutumia butiloda nyingine iitwayo GRUB, ambayo Erich Boleyn alianza kuitunga mwaka 1995. Uzuri wa GRUB ni kwamba haina wivu. Ikiikuta Windows XP, haijaribu kuiwasha yenyewe, bali huikabidhi kazi butiloda ya XP, nayo huendelea kama kawaida yake. Kwa upande wake, Windows XP haifanyi hivyo. Ukiiweka baada ya mfumo mwingine, huandika juu ya kile kipande cha kwanza cha diski bila kuuliza, na mfumo uliotangulia hutoweka katika orodha. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: wa zamani hutangulia, mpya hufuata.

KWA NINI MFUMO WA ZAMANI HUFICHWA

Zamani GRUB ilikuwa ikitafuta mifumo mingine yenyewe kila ilipowekwa. Kuanzia toleo la 2.06 la mwaka 2021, utafutaji huo umezimwa mpaka mwenye mashine aruhusu. Hilo ndilo lililokipata chama cha kwanza. Dawa yake ni kufungua faili /etc/default/grub na kuandika humo mstari huu:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Kisha, baada ya kuhakikisha kuwa programu iitwayo os-prober imo, hutolewa amri ya update-grub. Kompyuta itatafuta, na mfumo wa zamani utaongezwa katika orodha. Ndugu Katibu, hata kama hutaifanya kazi hii kwa mkono wako, uuhifadhi mstari huo. Fundi akikuambia kuwa Windows XP imekwisha, mwonyeshe, naye ajaribu kabla hujaamini.

NAMNA YA KUFANYA KAZI YENYEWE

Kwanza, nakala. Kabla ya jambo lolote, diski nzima ya zamani inakiliwe katika diski nyingine. Clonezilla ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo. Zipatikane nakala mbili, moja ikae ofisini na ya pili ihifadhiwe mahali pengine panapofungwa. Aidha daftari la wanachama na hisa lichapwe katika karatasi na kutiwa saini. Diski ya miaka mingi imechoka, na yawezekana ikafa siku hiyo hiyo ya kuguswa.

Pili, chagua mfumo mpya unaolingana na nguvu za mashine. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kumbukumbu ya giga 4 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine kuukuu haina. Ndiyo sababu Linux huwa njia iliyobaki kwa mashine hizi. Lakini hapo pia pana la kuangalia: Debian 12 ya mwaka 2023 bado inaweza kuwekwa katika mashine za biti 32, ilhali Debian 13 ya mwaka 2025 haitoi tena programu ya kuiweka katika mashine hizo. Fundi apime kwanza mashine ni ya biti ngapi. Na anayedhani kuwa Linux ni jambo geni kwetu akumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

Tatu, kama kompyuta ni ya mezani, nunua diski ya pili. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa vyama vyote. Mashine izimwe na kuchomolewa umeme. Waya wa diski ya zamani uondolewe, na diski mpya iunganishwe. Mfumo mpya uwekwe katika diski mpya peke yake, hali ile ya zamani haipo kabisa. Kazi ikiisha, mashine izimwe tena, diski ya zamani irudishwe, na bayosi iambiwe ianze na diski mpya. Hapo ndipo ule mstari nilioutaja uandikwe na amri ya update-grub itolewe.

Faida yake ni kubwa. Diski yenye hesabu za wanachama haikuguswa hata baiti moja. Ikitokea mfumo mpya umeharibika, Katibu huiambia bayosi ianze na diski ya zamani, na Windows XP huwaka kama ilivyowaka miaka yote. Jambo moja tu fundi alijue: Windows XP hutaka kujiona iko katika diski ya kwanza. GRUB hutumia amri ya drivemap kubadilishana nafasi za diski ili XP iridhike, na os-prober kwa kawaida huiandika amri hiyo yenyewe.

Nne, kama kompyuta ni ya kupakata na ina nafasi ya diski moja tu, hapana budi diski igawanywe. Hatari hapa ni zaidi. Ikaguliwe kwanza kwa amri ya chkdsk C: /f ndani ya Windows, kisha mgawanyo wake upunguzwe kwa programu kama GParted. Kazi hii isianzwe bila betri nzima au kifaa cha kutunza umeme, kwa maana umeme ukikatika katikati, diski huweza kuharibika. Zile baiti 512 za mwanzo zinakiliwe pia kwa amri hii, iwapo diski inaitwa sda:

dd if=/dev/sda of=mwanzo.bin bs=512 count=1

Na faili hilo litunzwe katika flashi, si katika diski ileile. Siku ya kulirudisha, kama migawanyo imekwisha badilishwa, zirudishwe baiti 446 tu. Ukirudisha zote 512 utalirudisha na jedwali la zamani, na mfumo mpya utapotea.

Tano, mipangilio ya bayosi isibadilishwe ovyo. Windows XP ya biti 32, ambayo ndiyo ya kawaida, haiwaki katika utaratibu mpya wa UEFI wala kutoka diski iliyogawanywa kwa mtindo wa GPT. Vilevile, ukibadilisha namna bayosi inavyoongea na diski, kutoka IDE kwenda AHCI, XP itaonyesha skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Ukiona namba hiyo, rudisha mpangilio ulivyokuwa kabla hujamlaumu mtu.

SAA YA MASHINE

Jambo hili huonekana dogo, lakini mkaguzi huliona mara moja. Windows huisoma saa ya ndani ya mashine kuwa ni saa ya hapa kwetu. Linux kwa kawaida huiweka kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Matokeo yake, alizeti iliyopimwa saa nne asubuhi huandikwa katika XP kuwa ilipimwa saa moja asubuhi, wakati ghala lilikuwa bado limefungwa. Nimewahi kuuliza jambo hilo kwa ukali, nikidhani pana hila, kumbe ni saa. Dawa ni amri moja upande wa Linux:

timedatectl set-local-rtc 1

Hali kadhalika, betri ndogo ya ubao mkuu, aina ya CR2032, ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Ibadilishwe siku hiyo hiyo.

IKIKATAA KUWAKA

Ukiona maandishi meupe yasemayo "NTLDR is missing", usilie. Kwanza chomoa flashi na utoe sidii yoyote, maana huenda mashine inajaribu kuwaka kutoka humo. Pili tazama kama bayosi inaanza na diski sahihi. Zikishindikana hizo, sidii ya Windows XP ina chumba cha matengenezo kinachofunguliwa kwa herufi R. Humo amri ya fixboot hurekebisha mwanzo wa mgawanyo, na fixmbr hurekebisha mwanzo wa diski. Lakini katika mashine ya diski moja, fixmbr huiondoa GRUB, na mfumo mpya hufichika. Ukiona "grub rescue", maana yake GRUB haioni mafaili yake, pengine kwa sababu mgawanyo umefutwa au diski haikushikwa vizuri na waya. Katika hali zote hizo, asiwepo mtu wa kukubali neno "futa" kabla nakala haijathibitishwa.

WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Fundi akija, apewe masharti kwa maandishi: nakala itangulie, diski ya hesabu isifutwe, na kazi ithibitishwe mbele ya mashahidi. Kuthibitisha si kuona mashine imewaka. Katibu aiwashe mara mbili, mara moja kila mfumo, kisha ndani ya XP afungue programu ya hesabu na kulinganisha majina matano ya wanachama na daftari la karatasi. Yakilingana, ndipo fundi alipwe.

Baada ya hapo, Windows XP isiunganishwe na intaneti tena. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, na hatari ilikuwa kubwa hata Microsoft ikatoa rekebisho la pekee kwa XP iliyokuwa imekwisha achwa. Intaneti iwe kazi ya mfumo mpya, na XP ibaki kuwa kabati la hesabu. Tena XP izimwe kabisa kila mara, isilazwe usingizi, kwa maana Linux ikiandika katika diski ambayo XP imeilaza, mafaili huweza kuharibika.

Mwisho, tusijidanganye kwamba mpango huu ni wa milele. Mashine itakufa siku moja. Mifumo miwili inakipa chama muda wa kuhamisha hesabu taratibu, mwanachama mmoja baada ya mwingine, huku kila mmoja akiitwa kuhakiki hisa zake. Muda huo utumike.

Ndugu zangu, mkulima aliyetoka na gunia lake la alizeti miaka kumi na mitano iliyopita hajui bayosi wala butiloda, wala halazimiki kujua. Yeye alikikabidhi chama mali yake akapewa stakabadhi. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku atakapokuja kuuliza, jina lake litaonekana.